Miaka Kwenye Kochi: Jinsi ya Kuanza, Kuendelea na Kumaliza Tiba Ndefu ya Uchanganuzi Nafsi

Tiba ya uchanganuzi nafsi haina vidonge, haina kazi ya kufanyia nyumbani, na mara nyingi haina hata ushauri. Unaingia chumbani, unajilaza kwenye kochi au unakaa kitini, unasema, mwenzako anasikiliza, na baada ya dakika 50 unaondoka. Unafanya hivyo mara moja, mbili, hata nne kwa juma, kwa mwaka, mitatu, mitano. Mtu akielezwa hivi kwa mara ya kwanza huuliza: sasa hapo kupona kunatoka wapi?

Nimeandika mwongozo huu kwa ajili ya anayeuliza swali hilo kwa dhati. Mimi ni mnasihi, na kabla ya kukaa upande huu nilikaa ule mwingine kwa miaka. Jambo moja ningependa ulishike tangu sasa. Yale yatakayokukera ndani ya tiba hii, yaani kuchelewa, kukosa la kusema, kumkasirikia tabibu, kutamani kuacha, ndiyo yenye habari unayoitafuta. Usiende kuyamalizia kwa rafiki au kwenye simu. Yaseme humo humo chumbani.

Hatua ya 1: Pima kama ndiyo tiba unayoihitaji

Kama una fikra za kujiua, unasikia sauti ambazo wengine hawazisikii, au hujalala siku kadhaa na akili inakwenda mbio, usianze na kochi. Nenda hospitali umwone daktari wa magonjwa ya akili, utulie kwanza. Kama tayari unatumia dawa, usiziache kwa sababu umeanza mazungumzo. Viwili hivyo huenda pamoja, na kuacha dawa ghafla kunaweza kukurudisha pabaya.

Kama shida yako ni moja na ina mipaka, mfano unaogopa kupanda ndege, tiba fupi yenye mazoezi ya kubadili fikra na mienendo itakufikisha mapema na kwa gharama ndogo. Tiba ndefu inamfaa mtu ambaye jambo lilelile humrudia kwa sura mpya. Kila mpenzi anageuka kuwa yule wa kwanza. Kila kazi inaanza kwa furaha na kuishia kwa ugomvi na bosi. Sonona inaondoka na kurudi, dawa zinasaidia nusu, na yeye mwenyewe amechoka kujiuliza kwa nini.

Ushahidi upo, na ni vizuri kuujua ulivyo bila kuutia chumvi. Kliniki ya Tavistock ya London, iliyoanzishwa mwaka 1920, iliwafuatilia watu 129 wenye sonona sugu ambayo ilishajaribiwa kutibiwa angalau mara mbili bila mafanikio. Kundi moja lilipata matunzo ya kawaida. Jingine lilipata matunzo hayo pamoja na tiba ya kiuchanganuzi mara moja kwa juma kwa miezi 18. Matokeo yalichapishwa mwaka 2015. Tiba ilipomalizika, tofauti kati ya makundi ilikuwa ndogo. Miaka miwili baadaye, asilimia 44 ya waliopata tiba hawakuwa tena na vigezo vya sonona kubwa, na katika kundi la matunzo ya kawaida ni asilimia 10 tu. Utafiti wa Helsinki, uliohusu watu 326 wenye sonona au wasiwasi, ulionyesha kitu kinachofanana na hicho: katika mwaka wa kwanza tiba fupi zilitoa nafuu haraka zaidi, lakini kufikia mwaka wa tatu tiba ndefu ilikuwa mbele.

Kwa hiyo usishangae mwenzako aliyeanza tiba fupi siku moja nawe akikutangulia. Na ziangalie takwimu za London kwa upande wa pili pia: hata katika kundi lililofanikiwa, zaidi ya nusu hawakufika huko. Tabibu anayekuahidi kupona anakudanganya.

Hatua ya 2: Tafuta mtu aliyefunzwa, na uliza

Kwa jadi, mchanganuzi nafsi amepitia mambo matatu. Amesoma nadharia kwa miaka, amewatibu watu chini ya usimamizi wa aliyemtangulia kikazi, na yeye mwenyewe amekuwa mteja wa mchanganuzi mwingine kwa muda mrefu. Hilo la tatu lina uzito kuliko vyeti vya ukutani. Uliza bila haya: ulisomea wapi, nani anakusimamia, na wewe mwenyewe uliwahi kukaa kwenye tiba? Mtabibu mzuri hachukii kuulizwa.

Nchini Kenya kuna sheria ya mwaka 2014 inayowataka wanasihi na wanasaikolojia wasajiliwe, kwa hiyo unayo haki ya kuuliza kuhusu usajili. Uchanganuzi kamili wa vikao vinne au vitano kwa juma ni nadra kuupata Afrika Mashariki. Utakachokipata kwa urahisi zaidi ni tiba yenye mwelekeo huo, mara moja au mbili kwa juma, au tabibu aliye nchi nyingine kwa njia ya video, mtindo uliozoeleka tangu janga la korona mwaka 2020. Ukifuata njia ya video, tafuta chumba chenye mlango unaofungwa, weka spika za masikioni, na kama nyumbani kuna watu, washa redio nje ya mlango. Mtu anayejua kwamba wifi yake yuko sebuleni hatasema lililomleta.

Ukiwa Ujerumani una bahati ambayo wengi wetu tunaoishi huko hatuijui. Bima ya afya ya umma imekuwa ikilipia tiba hii tangu mwaka 1967, na mtu mzima anaweza kufikishwa hadi vikao 300 vya uchanganuzi. Piga 116117 uombe kikao cha kwanza cha tathmini. Ugumu utakaokutana nao ni foleni ya kusubiri, basi jiandikishe kwa watabibu kadhaa kwa wakati mmoja. Uingereza, huduma ya umma hutoa tiba ya aina hii kwa uchache na kwa muda mfupi zaidi, lakini vyuo vinavyofundisha wachanganuzi huwa na kliniki za ada nafuu, ambako unamwona mwanafunzi aliye chini ya usimamizi. Usidharau mpango huo. Ni wa zamani: Berlin ilikuwa na kliniki kama hiyo mwaka 1920, London mwaka 1926, na mwanafunzi anayesimamiwa kwa karibu mara nyingi ana bidii kuliko mkongwe aliyechoka.

Hatua ya 3: Vikao vya kwanza ni vya kupimana

Sigmund Freud mwenyewe, mwanzilishi wa tiba hii mjini Vienna, alikuwa akimchukua mtu kwa majaribio ya juma moja au mawili kabla ya kukubaliana naye. Desturi hiyo ipo hadi leo kwa namna mbalimbali. Katika vikao hivi tabibu ataulizia familia, utoto, usingizi, kazi, magonjwa, na tiba ulizowahi kujaribu. Ataulizia pia kwa nini umekuja sasa na si mwaka jana, na swali hilo lina maana kuliko linavyosikika.

Nawe mpime. Wengi huangalia kama wamempenda tabibu, na hicho si kipimo kizuri, kwa sababu mtu hupenda alichokizoea, hata kama alichokizoea kilimuumiza. Kipimo ninachokiamini ni hiki: ukitoka mle ndani, jiulize kama umesema jambo ambalo hukupanga kulisema. Kama ndiyo, pana kitu.

Hatua ya 4: Kubalianeni masharti kabla ya kuzama

Siku na saa huwa maalumu na hazibadiliki ovyo. Kikao huchukua dakika 45 hadi 50, na huisha muda ukiisha, hata ukiwa katikati ya chozi. Watabibu wengi wa mtindo huu hutoza kikao ulichokikosa, na hapa ndipo watu wetu wengi hupandisha hasira. Sababu ilitolewa na Freud tangu mwaka 1913: saa ile imekodiwa kwako, ni yako utumie usitumie. Kuna sababu ya pili ambayo huonekana baadaye. Kikao kikiwa bure ukikikosa, utakikosa siku ile ambayo jambo zito lilikuwa linakaribia kutoka.

Chagua ada utakayoweza kuilipa mwaka wa tatu, si ile unayoimudu katika mwezi wa kwanza wa shauku. Kama hali yako ni ngumu, sema; wengi huwa na nafasi chache za ada ya chini. Uliza pia kuhusu likizo zao (huko Ulaya wengi hufunga mwezi Agosti), kama mnaweza kuwasiliana kati ya vikao, na mipaka ya siri. Siri ya chumba hicho ni kubwa, lakini ina mwisho pale maisha yako au ya mtu mwingine yanapokuwa hatarini, au mtoto anapodhulumiwa. Mtabibu anapaswa kukueleza hayo mwanzoni.

Hatua ya 5: Sema chochote kinachokujia

Kochi lenyewe lina historia ya kawaida sana. Freud alizawadiwa na mgonjwa wake karibu mwaka 1890, na leo lipo katika nyumba ya makumbusho London, mtaa wa Maresfield Gardens, alikohamia mwaka 1938 akiwakimbia Wanazi. Alikaa nyuma ya kochi kwa sababu, kwa maneno yake mwenyewe, hakuweza kuvumilia kutazamwa usoni saa nane kwa siku. Lakini kukaa huko kuna faida kwa mteja pia. Usipouona uso wa anayekusikiliza, huwezi kuusoma ili ujue useme nini kumfurahisha. Ukienda mara moja kwa juma, huenda mkakaa kwenye viti mkitazamana, na hakuna ubaya.

Kanuni ni moja: sema kila kinachopita akilini, hata kama ni cha kipuuzi, cha aibu, hakihusiani, au kinamhusu tabibu. Freud aliwaambia wagonjwa wake wajifanye abiria aliyekaa dirishani mwa treni, akimsimulia aliye ndani mandhari yanavyopita. Ni kanuni nyepesi kuielewa na ngumu mno kuifuata. Wengi hutumia miaka kuikaribia.

Kwetu ugumu huo una sura yake. Tumelelewa tukiambiwa ya nyumbani hayatoki nje, na mzazi hasemwi. Mtu anaweza kukaa miezi akimsifu baba kwa jinsi alivyosomesha watoto tisa, na asiguse hata usiku mmoja wa yaliyomuumiza. Tabibu akiwa na umri wa mama yako, umeingia na shikamoo na yeye kaitikia marahaba, utamwambiaje kwamba leo amekuboa? Ushauri wangu ni kuanza na hiyo heshima yenyewe. Sema: "Kuna jambo kuhusu baba, lakini naona kama nitakuwa namvunjia heshima." Hapo hujamvunjia mtu chochote, na umeshaanza kazi. Mficha uchi hazai, walisema wazee wetu, na walijua kwamba kuufunua kunauma.

Suala la lugha lizungumzeni mapema. Mswahili anayetibiwa Berlin au Toronto hueleza utoto wake kwa lugha aliyojifunza ukubwani, na masimulizi hutoka safi, yamepangwa, hayana jasho. Kitu alichoambiwa na bibi jikoni akiwa na miaka mitano kiliingia kwa Kiswahili, au Kisambaa, au Kidigo, na huko ndiko kilikobaki. Kiseme kwa lugha hiyo kwanza, kwa sauti, hata kama tabibu haambulii neno. Kisha mweleze. Atasikia sauti yako ilivyobadilika, na wewe utaisikia pia.

Siku utakapokosa la kusema, kaa kimya. Kimya cha dakika kumi hakimuui mtu. Mara nyingi hufuata baada ya jambo lililokaribia kutoka likarudi ndani, basi jiulize kwa sauti ni lipi.

Hatua ya 6: Leta ndoto zako, acha tafsiri nyumbani

Tumezoea ndoto zifasiriwe. Nyoka ni adui, meno kung'oka ni msiba, na wapo wanaofungua vitabu vya tafsiri vinavyonasibishwa na Ibn Sirin. Tabibu wa uchanganuzi hatakuambia nyoka ni nini. Atakuuliza: "Ukimfikiria yule nyoka, kinakujia nini?" Ukasema unakumbuka mkanda wa shuleni, na mkanda ukakumbusha mwalimu fulani, mwalimu akakumbusha jioni moja, basi ndoto imefanya kazi yake. Nyoka huyohuyo kwa jirani yako angeleta mambo mengine kabisa. Iandike ndoto asubuhi kabla ya kushika simu, mistari miwili inatosha.

Hatua ya 7: Angalia tabibu anavyogeuka mtu mwingine machoni pako

Hapa ndipo tiba hii inapotofautiana na mazungumzo mengine yote, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Chukua mteja wa kubuni, nimwite Rehema. Ana miaka 34, anakaa Dar es Salaam, anamwona tabibu mara mbili kwa juma. Alipokuwa na miaka sita mama yake alikwenda Muscat kufanya kazi za ndani, naye akalelewa na bibi Lushoto. Anayasimulia haya bila chozi: "Mama alihangaika kwa ajili yetu, dokta. Tumesoma kwa hela zake." Mwaka wa pili wa tiba, mwezi Novemba, tabibu anamwarifu kwamba Desemba atakuwa likizo kwa majuma matatu. "Hakuna shida," Rehema anasema, "hata wewe unahitaji kupumzika." Kikao kinachofuata anachelewa dakika kumi na tano. Kinachofuata, ishirini.

"Samahani dokta. Pale Mwenge hapapitiki."

Kimya. Rehema anachezea mkanda wa mkoba.

"Njia ni ileile ya mwaka mzima," tabibu anasema. "Umeanza kuchelewa baada ya mimi kusema nitaondoka."

"Jamani dokta! Foleni nayo kosa langu?"

"Sisemi ni kosa. Nawaza kama safari hii umetaka mimi ndiye nisubiri."

Rehema anakasirika. Anasema hizo ni saikolojia za vitabuni. Anasema tabibu anapokea hela za watu kisha anakwenda kula sikukuu na wanawe. Anapofika kwenye "wanawe" anasita, maana tangu aanze hajawahi kuuliza kama tabibu ana watoto. Ndipo anapokumbuka picha. Mama aliituma kutoka Muscat: amembeba mtoto wa bosi wake, mtoto mnono aliyevishwa kanzu ndogo nyeupe, na mama anacheka. Bibi aliitundika sebuleni kwa fahari, kila mgeni akaonyeshwa. Rehema aliichukia picha ile na hakuwahi kumwambia mtu, kwa sababu mtoto hawezi kuchukia picha inayomlipia ada.

Wachanganuzi huita jambo hili uhamisho: hisia zilizoumbika kwa mtu wa zamani humshukia mtu wa sasa, na mwenyewe hajui. Linatokea pia kazini na kwenye ndoa, ila huko hakuna anayesimama kuliangalia. Bosi anakufukuza, mume anasusa. Chumbani kuna mtu aliyefunzwa kutosusa na kutolipiza, na kwa hiyo jambo lile linaweza kuonekana likiwa bado bichi. Angalia kwamba Rehema alijua siku zote kuwa mama yake aliondoka. Hakuna habari mpya iliyotolewa. Kilichokuwa kipya ni hasira yenyewe, iliyofika ikiwa moto, kwa mtu aliyekuwepo kuipokea.

Kazi yako katika hatua hii ni kutaja. Ukisahau kulipa, taja. Ukijikuta unavaa vizuri siku ya kikao, taja. Ukimtafuta tabibu mtandaoni ukaona picha zake, mwambie umeziona. Ukimpenda, naam, hata kwa mapenzi yale ya kukosa usingizi, sema. Hutokea mara nyingi, na Freud aliliandikia jambo hili tangu mwaka 1915. Mtabibu wa kweli hatakucheka, hatakufukuza, na hatakugusa.

Hatua ya 8: Vumilia katikati

Baada ya miezi ya mwanzo huja kipindi kirefu ambacho hakina la kusimulia. Unahisi umeshasema yote. Wakati mwingine unajisikia vibaya kuliko ulivyoanza, kwa kuwa ulichokuwa umekifunika kimefunuka na bado hujui kukibeba. Ni kawaida, mradi isiwe kila siku kwa miezi na usiwe unazama. Ukizama, mwambie tabibu waziwazi, na umwone daktari.

Yule msichana ambaye kisa chake kilianzisha haya yote, anayejulikana kama Anna O., alitibiwa na daktari Josef Breuer mjini Vienna kati ya 1880 na 1882. Aligundua mwenyewe kwamba akisimulia dalili ilivyoanza, inalegea. Kinachosahaulika ni kwamba nafuu ile haikudumu: baadaye alilazwa sanatoria. Miaka ilipopita alisimama, akawa mtetezi mashuhuri wa haki za wanawake wa Kiyahudi Ujerumani kwa jina lake halisi, Bertha Pappenheim. Ninamkumbuka kila mteja anaponiambia, "Lakini hili si tulishaliongea?" Ndiyo, tuliliongea. Litaongelewa tena kwenye mapenzi, tena kwenye kazi, tena kwenye msiba wa shangazi, na kila mara kitachukuliwa kipande kingine.

Dalili za kusonga mbele ni ndogo na hazitangazwi. Unakasirika asubuhi, jioni imekwisha, zamani ingekaa juma. Unajisikia ukianza ile sentensi uliyozoea kumwambia mkeo, na unaikata katikati. Unaota ndoto ya zamani lakini safari hii mlango uko wazi. Andika mambo kama haya mara chache kwa mwaka, na kila baada ya miezi sita hivi omba mkae mtathmini: nilikuja na nini, nini kimebadilika, nini hakijaguswa.

Usifanye uamuzi mkubwa jioni ya kikao kizito. Talaka, kujiuzulu, kumpigia baba simu umwambie yote: vilete kwanza kwenye kikao kinachofuata.

Nyumbani watauliza. "Unamlipa mtu akusikilize? Si uje uongee na shangazi?" Shangazi anakupenda, na kwa sababu hiyohiyo atachukua upande, atapata presha, na atakuwepo kwenye harusi ya dada yako akijua yote. Huna haja ya kumweleza mtu yaliyosemwa. Mwenzi wako ana haki ya kujua kwamba unatibiwa na kwamba fedha zinakwenda huko, basi. Na kama wewe ni mtu wa swala au wa kanisa, usimwache Mungu nje ya mlango. Sema unavyoomba, sema unavyoogopa dhambi. Mtabibu anayedharau imani yako amekosea kazi, sawa na yule anayetaka kukuhubiria.

Hatua ya 9: Tofautisha maumivu ya tiba na ubaya wa tabibu

Kunyamaza kwake, kutojibu maswali yanayomhusu yeye binafsi, kukuuliza kwa nini unauliza, kutokupa ushauri, kumaliza kikao kwa saa: hayo yanakera na yana sababu. Lalamika, na mtazame analipokeaje lalamiko.

Haya hayana sababu yoyote: kukugusa kimapenzi au kukutaka, kukukopa, kukuingiza kwenye biashara yake, kukusimulia siri za wateja wengine, kukuambia uache dawa ulizoandikiwa, kukukataza kuwa na marafiki, kukutisha kwamba ukiacha utaharibikiwa. Lolote kati ya hayo likitokea, ondoka siku hiyo. Hudaiwi kikao cha kuaga. Toa taarifa kwa bodi au chama alichosajiliwa, na umwambie mtu unayemwamini, maana aibu ya tukio kama hilo si yako.

Kuna hali ya katikati. Tabibu ni mwadilifu, ila miaka miwili imepita na hamna mnachokifikia. Mwambie hivyo hivyo. Mnaweza kugundua kwamba huko kukwama ni jambo la zamani linalojirudia. Mnaweza pia kugundua kwamba hamfai kwa kazi hii, na akakuelekeza kwa mwingine. Ukitaka rai ya tabibu wa pili, itafute, na umwarifu wa kwanza.

Hatua ya 10: Malizeni, msikatishe

Tiba hii haiishi siku shida zinapokwisha, kwa sababu shida haziishi. Inakaribia kwisha pale unapoanza kujifanyia mwenyewe kile mlichokuwa mkikifanya wawili: unajikamata, unajiuliza, unavumilia kutojua kwa muda. Wazo la kumaliza likikujia, lilete kama ulivyoleta mengine. Kama limekuja juma moja baada ya ugomvi mkubwa na tabibu, huenda ni kukimbia. Kama limekuja taratibu, likakaa, na likikutia simanzi kidogo, huenda ni wakati wake.

Pangeni tarehe miezi kadhaa mbele. Kwa tiba ya miaka mitano, nusu mwaka wa kuagana si mwingi. Jiandae dalili za mwanzo kurudi: usingizi kukatika, tumbo kuvuruga, kuchelewa tena. Rehema wetu angeanza kukwama Mwenge kama zamani, na safari hii angeingia akisema mwenyewe, "Dokta, naona nimeanza tena kukusubirisha." Wengi wetu tumeagwa vibaya maishani. Watu walihama usiku, walikufa mbali, walizikwa tukiwa shule. Kuagana na mtu polepole, ukiwa na ruhusa ya kukasirika na kushukuru, ni jambo ambalo baadhi ya wateja hulifanya hapa kwa mara ya kwanza.

Ukitaka kutoa zawadi, iwe ndogo, na usishangae mkizungumza kwanza kwa nini khanga na si maua. Malizia ada yote kabla ya siku ya mwisho, ili kikao hicho kisiliwe na hesabu. Uliza kama unaweza kurudi kwa kikao kimoja kimoja mambo yakikuzidi, ada itakuwa kiasi gani wakati huo, kumbukumbu zako zitahifadhiwa wapi na kwa muda gani, na mkikutana sokoni au msibani nani ataanza kusalimia. Watabibu wengi watakuachia wewe uamue.